Gari jipya lina kasoro za rangi: nikubali lipakwe upya?

Msomaji mmoja ameuliza hivi, nami nimefupisha kidogo:

"Nimekabidhiwa gari jipya la kijivu cha metaliki majuma machache yaliyopita. Siku nalichukua lilikuwa limetoka kuoshwa na bado lina maji, nikaweka sahihi nikaondoka. Nilipoliosha mwenyewe nikaona boneti ina chembe kadhaa zilizovimba. Mlango wa nyuma una mchirizi wa rangi upande wa chini. Bampa la mbele linaonekana limepauka kuliko fenda. Paa ukilipitishia kiganja linakwaruza, kana kwamba lina mchanga. Na kwenye ukingo wa mlango wa buti kuna kitundu, ukubwa wa kichwa cha pini. Muuzaji hakubisha hata kidogo: amesema nilete gari, boneti na mlango vipakwe upya, bure. Nikubali?"

Hapana, usikubali bado. Ofa hiyo inasikika kama ukarimu, na huenda aliyeitoa ana nia njema kabisa, lakini kupaka upya boneti nzima kwa ajili ya chembe kadhaa ni kuondoa kitu bora na kuweka cha daraja la pili. Kati ya kasoro tano ulizotaja, moja tu ndiyo inayoweza kula bati la gari lako, nayo ni kile kitundu cha buti ambacho umekitaja mwisho na ambacho muuzaji hakukigusia. Moja nyingine, ile ya paa, si kasoro ya rangi hata kidogo. Zilizobaki zinaudhi jicho, na kila moja ina dawa yake. Kwa hiyo mbele ya kasoro yoyote anza na swali hili: ikiachwa ilivyo, itakua au itabaki hivyo hivyo?

Kwanza nieleze kwa nini naitetea rangi ya kiwandani. Bodi ya gari hupakwa ikiwa tupu, haijawekewa kiti, waya wala kioo. Inasafishwa, inapitishwa kwenye dawa ya fosfeti ili rangi ishike kwenye bati, kisha inazamishwa nzima kwenye bwawa la praima, yaani rangi ya msingi, yenye chaji ya umeme. Umeme unaivuta praima hiyo hadi kwenye mikunjo na mapango ambayo bunduki ya rangi haifiki, halafu bodi inaokwa kwa joto la nyuzi 160 hadi 180 hivi za Selsiasi. Inafuata praima ya pili, kisha rangi yenyewe, kisha vanishi angavu ambayo mafundi wengi wanaiita kliya, na tabaka hizo za juu nazo huokwa kwenye nyuzi 140 hivi. Baadhi ya viwanda siku hizi vimeunganisha hatua kadhaa au kuiondoa praima ya pili, lakini mwendo ni huo.

Jumla ya tabaka zote kwa magari mengi ni maikroni 100 hadi 150; maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani ni kama 70. Ndani ya hizo, rangi uliyoichagua kwa mbwembwe zote kwenye katalogi ni maikroni 15 hadi 20 tu. Kliya ni kama 35 hadi 50, na ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kinga dhidi ya jua. Weka tarakimu hizo kichwani, zitarudi.

Gari likishakamilika haliwezi kurudi kwenye tanuri la nyuzi 140. Lina plastiki, raba, nyaya, kompyuta, mafuta kwenye tangi. Ndiyo maana karakana za rangi hutumia rangi za namna nyingine, zinazochanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha rangi, na kukaushwa kwenye nyuzi 60 hivi. Siidharau rangi ya karakana. Ikipigwa na fundi anayejua kazi, kwenye chumba kisafi, inadumu miaka na huitambui. Lakini inategemea mkono wa mtu, vumbi la siku hiyo, na kama kulikuwa na gari jingine linasubiri nyuma ya lako. Halafu ili boneti ipakwe upya ni lazima ipigwe msasa kwanza, na kijivu cha metaliki hakikubali kuishia kwenye ukingo wa boneti. Fundi makini atakififisha kuingia kwenye fenda zote mbili ili jicho lisione mpaka. Yaani chembe chache zimekugharimu paneli tatu.

Sasa, kabla hujapeleka gari popote, na kabla hujanunua chupa yoyote ya polishi, andika. Majuma machache yameshapita, na kila siku inayoongezeka inampa muuzaji nafasi ya kusema ni jiwe, ni kinyesi cha ndege, ni wewe mwenyewe na sifongo lako. Orodhesha kasoro kwa paneli, sema kwamba zilikuwepo wakati wa kukabidhiwa gari, tuma kwa barua pepe, na uombe wakujibu kwa njia hiyo hiyo. Waambie wafungue kadi ya kazi hata kama leo hakuna kitakachofanyika. Maneno ya kwenye simu hayana tarehe.

Picha za rangi ni ngumu kuliko zinavyoonekana. Ukielekeza simu kwenye boneti inayong'aa, kamera itashika taswira ya mti au ya uso wako na kuiacha chembe ikiwa ukungu. Bandika kipande cha utepe wa karatasi sentimita moja kando ya kasoro, kilichochorwa mshale, kisha gusa skrini pale penye utepe. Kamera italenga juu ya rangi yenyewe. Gari liwe limeoshwa na kukauka, liwe kivulini, na tochi nyeupe uishike mshazari, karibu usawa wa paneli. Piga moja ya mbali inayoonyesha ni paneli ipi, na moja ya karibu yenye rula. Na kuhusu yale maji ya siku ya kukabidhiwa: maji huziba mikwaruzo na kuficha karibu kila kitu. Safari nyingine omba likaushwe, litolewe nje mchana, ndipo uweke sahihi.

Tuanze na paa, maana ndilo rahisi. Valisha kiganja mfuko mwembamba wa plastiki, kisha pitisha vidole polepole juu ya paa, halafu juu ya upande wa mlango. Plastiki inaondoa msuguano wa ngozi na kila punje itajitaja. Paa likikwaruza na mlango ukawa laini, hicho ni kitu kilichotoka juu na kutua. Mara nyingi ni chembe za chuma: gari likisafirishwa kwa treni, au likiegeshwa siku nyingi karibu na reli, bandari au kiwanda, vumbi la chuma kutoka kwenye magurudumu na breki hutua juu yake, hujichimbia kwenye kliya na kuanza kushika kutu. Kwenye gari jeupe ungeona vidoa vya rangi ya machungwa. Kwenye kijivu unavihisi tu.

Dawa yake ipo. Kuna maji maalumu ya kuyeyusha chuma, unapuliza, unasubiri dakika chache, na penye chuma panageuka zambarau na kuanza kuchirizika. Unasuuza kwa maji mengi. Kinachobaki kinatolewa kwa udongo wa kusafishia rangi, ule unaonyumbulika kama udongo wa kuchezea watoto, ukiteleza juu ya maji ya sabuni bila kukandamiza. Dawa isipogeuka zambarau popote, basi si chuma. Inaweza kuwa utomvu, au ukungu wa rangi uliopeperuka kutoka kwenye karakana ya muuzaji mwenyewe, na udongo huo huo utautoa. Kazi hii ilipaswa kufanywa katika ukaguzi wa kabla ya kukabidhi gari. Idai ifanywe bure, au ifanye mwenyewe. Asije mtu na msasa kwenye paa.

Boneti sasa. Chembe iliyovimba ni vumbi au uzi uliotua rangi ikiwa mbichi, ukazikwa. Swali ni umezikwa wapi. Chukua kioo cha kukuzia, kile cha sonara kinatosha kabisa, na tochi. Ukiona chembe za metaliki zimetulia sawasawa chini yake na uvimbe uko juu yake tu, basi uchafu uko ndani ya kliya na unatibika. Ukiona metaliki yenyewe imevurugika, kuna kidoa cheusi chenye pete, basi vumbi liliingia wakati wa rangi. Hapo ukisaga utapunguza kivimbe lakini kidoa kitabaki, na ukiendelea kukifukuza utatoboa kliya. Cha namna hiyo huachwa.

Kile kinachotibika hutibiwa hivi: kipande kidogo kigumu cha mpira au mbao chenye msasa laini, namba 2500 au 3000, maji yenye tone la sabuni, na unasaga kile kichwa tu hadi kilingane na jirani zake. Kisha polishi ya kukata, kisha polishi laini. Fundi mzuri hapotezi nusu saa kwa chembe moja. Wala si kiraka cha uani: viwanda vyenyewe, mwisho wa laini ya rangi, vina sehemu yenye taa kali ambako wafanyakazi hutafuta chembe hizi, huzisaga na kuzipolishi hapo hapo. Za kwako zilipita bila kuonekana, basi.

Tahadhari ni moja. Kwa rangi ya kiwandani, watu wa fani hii hujaribu kutovuka maikroni 8 hivi za kliya kwa maisha yote ya gari, kwa sababu ukikata zaidi ya hapo kinga ya jua inapungua na miaka michache mbele kliya inaanza kufa. Kusaga kichwa cha chembe hakukufikishi huko. Kusaga boneti nzima kwa mashine, ili tu ionekane kama kioo, kunaweza. Kwa hiyo mwambie muuzaji kwa maandishi: boneti isipakwe, isagwe kwa chembe na kupolishiwa, na kazi ifanywe na mtu wa rangi. Kijana wa kuosha magari asipewe mashine. Mashine hiyo mikononi mwa mtu mwenye haraka huacha mawimbi ya duara yanayocheza juani, na utarudi na malalamiko mapya.

Mlango ndio unaohitaji macho zaidi, na hapa siwezi kukupa hukumu bila kuuona. Mchirizi hutokea pale rangi au kliya ilipopigwa nzito ikateremka kabla haijashika. Ukiangalia kwa kioo cha kukuzia ukaona mstari ule ni angavu tu, na metaliki chini yake haikusogea, ni mchirizi wa kliya. Huo unaondolewa: wembe maalumu au msasa namba 1500 juu ya kipande kigumu, unaupunguza hadi karibu usawa, kisha 2000, kisha 3000, kisha polishi. Mchirizi wenyewe ni mnene, hauna shida ya kuishiwa kliya. Hatari iko pembeni mwake. Ukitumia sponji laini badala ya kipande kigumu, msasa unajikunja juu ya mchirizi na kuchimba kliya ya pande mbili ambayo haikuwa na kosa lolote. Ndiyo maana fundi anayejua hubandika utepe kulia na kushoto kabla hajaanza.

Sasa tazama ndani ya mchirizi. Je, kuna vitone vidogo vidogo, kama mapovu yaliyoganda? Kliya ikikaa nene mahali pamoja, kiyeyushio kinanaswa chini, na gari linapoingia tanurini kinachemka na kutoboa njia ya kutokea. Mapovu hayo yakiwa mengi, msasa utayafungua yawe vishimo, na vishimo vitajaa polishi nyeupe ambayo hutaitoa tena. Mchirizi wenye mapovu, au ambao rangi yenyewe imeteremka ikaacha mstari mweusi, hausagwi. Hapo una mambo mawili: kuuacha, kama uko chini kabisa na huuoni ukiwa umesimama, au kukubali mlango upakwe. Mimi ningeuacha na kudai kitu kingine badala yake, lakini gari ni lako na ndiwe utakayeuangalia kila siku.

Tufike kwenye kitundu. Kingo za milango, boneti na buti hutengenezwa kwa kukunja bati la nje juu ya bati la ndani, na mkunjo huo huzibwa kwa silanti, yaani gundi nzito ya kuzuia maji. Silanti ikinasa hewa chini yake, hewa inapanuka tanurini na kutoboa. Mahali pengine ni mafuta au silikoni iliyogusa bati au praima, na rangi ikaikimbia ikaacha shimo la duara. Kingo kali zina udhaifu mwingine wa asili: rangi inapookwa huteremka kutoka kwenye ncha, kwa hiyo hapo ndipo huwa nyembamba zaidi. Unyevu ukipata njia ndani ya mkunjo, hautoki. Kutu huanzia ambako huoni na kutokea nje ikiwa imeshakomaa.

Kikague leo. Ukiona pete ya kahawia, kutu imeanza na lazima isafishwe hadi bati safi kabla ya kitu kingine chochote kupita juu yake. Usikubali wakizibe kwa kalamu ya rangi na kukuambia kimekwisha. Unachotaka ni hiki: pasafishwe, papakwe praima ya epoksi, pazibwe kwa silanti kama mkunjo umefunguka, pamaliziwe kwa rangi ya brashi. Haihitaji mlango wa buti kupulizwa wote. Pale ndani hakuna atakayeona kiraka. Kisha fungua milango yote minne na boneti, upitishe tochi kwenye mikunjo yote ile ya chini. Silanti hupakwa na roboti, na roboti ikikosea hukosea kwa utaratibu.

Kwa nini haraka hivyo? Soma kitabu cha waranti, sehemu ya kutu. Kampuni nyingi zina waranti mbili tofauti. Ile ndefu, inayotangazwa kwa fahari, hufunika kutu iliyotoboa bati kutoka ndani hadi nje. Kutu ya juu juu na kasoro za rangi ziko kwenye waranti fupi, mara nyingi miaka 3. Zipo pia kampuni zinazodai gari likaguliwe bodi kila mwaka, na kitabu kigongwe mhuri, la sivyo ile ndefu inakufa. Kitundu chako leo ni suala la rangi na kinarekebishwa bure bila ubishi. Kikikaa hadi waranti fupi iishe, na bati likawa limeliwa bila kutoboka, kitakuwa hakina mwenyewe.

Ile barua pepe ya kuorodhesha kasoro ina faida nyingine. Kuna kasoro ambazo zinaanza kama bahati mbaya ya mtu mmoja na baadaye zinagundulika kuwa za maelfu. Nchini Marekani, Toyota ilirefusha waranti kwa rangi zake mbili nyeupe, namba 040 na 070, kwenye modeli kadhaa, baada ya kuonekana kwamba mwanga wa jua ulikuwa unadhoofisha mshiko wa tabaka za rangi, na rangi ikawa inabanduka vipande vipande. Honda nayo iliongeza waranti ya rangi hadi miaka 7 kwa baadhi ya Civic za 2006 hadi 2013 zilizopasuka rangi. Aliyeandikisha tatizo lake mapema hana haja ya kuanza kujieleza siku tangazo kama hilo likitoka.

Bampa nimeliacha makusudi, kwa sababu ndilo sehemu pekee kwenye orodha yako ambayo mimi ningeikubali ipakwe upya bila kusita, na muuzaji hakuitaja. Bampa ni plastiki. Haliwezi kuvumilia joto la bodi, kwa hiyo hupakwa peke yake kwenye joto la chini zaidi, pengine kwenye kiwanda kingine kabisa cha mtengenezaji wa sehemu. Vipande vya alumini vilivyomo kwenye metaliki hulala kwa namna tofauti kutegemea hewa ya bunduki, umeme wa kuvutia rangi na unyevu wa rangi ilipotua. Vikilala bapa rangi inang'aa ukiitazama uso kwa uso na kuwa nyeusi ukiitazama kwa upande. Ndiyo sababu bampa na fenda vinaweza kuwa na namba ile ile ya rangi na bado visifanane.

Ipime hivi. Mchana wa mawingu, gari likiwa safi, simama mbele hatua kadhaa, kisha sogea pembeni hadi utazame kwa mshazari mkali. Kama bampa linapauka ukiwa upande mmoja na kukoza ukiwa upande mwingine, hiyo ni metaliki inavyocheza, na madai yatakuwa magumu. Kama limepauka kutoka kila pembe, nenda ukatafute gari jingine la modeli hiyo hiyo na rangi hiyo hiyo pale pale kwa muuzaji. Likiwa nalo lina tofauti ile ile, watakuambia ndivyo zinavyotoka, na kusema kweli watakuwa hawajadanganya. Likiwa bampa lake linalingana, una hoja ambayo haihitaji mtaalamu. Bampa linafunguliwa, linapakwa likiwa nje ya gari, halina bati la kushika kutu wala praima ya umeme ya kupoteza. Dai fundi apulize kwanza kadi za majaribio, kwani namba moja ya rangi huwa na michanganyo kadhaa, na azilinganishe na fenda nje kwenye mwanga wa mchana. Taa za karakana hudanganya.

Kipimo cha unene wa rangi kitakusaidia kabla ya mazungumzo yote haya, ukiweza kuazima kimoja. Pima sehemu tano kwa kila paneli. Usitafute tarakimu fulani, tafuta usawa. Gari zima likisoma kati ya 110 na 130 na mlango mmoja ukasoma 250, mlango huo umeshapakwa kabla yako, na mchirizi wako huenda haukutoka kwenye laini ya kiwanda. Si lazima iwe ajali. Viwanda hupaka upya paneli mwishoni mwa laini, na magari huumia njiani. Lakini una haki ya kuuliza, na jibu liandikwe. Hakikisha kipimo kinasoma alumini pia, kwa sababu boneti nyingi siku hizi ni alumini na kile cha sumaku tu kitakaa kimya. Juu ya bampa vipimo vya kawaida havisomi kitu. Na kumbuka kinasoma tabaka zote kwa pamoja, hakiwezi kukuambia kliya imebaki kiasi gani.

Ukiamua mlango upakwe, weka masharti kabla ya kuacha ufunguo. Kitasa, kioo cha pembeni kama kipo, na raba za dirisha vifunguliwe, visizungushiwe utepe tu, kwa sababu rangi inayoishia kwenye ukingo wa utepe ndiyo huanza kubanduka. Rangi ififishwe kwenye paneli za jirani, na kliya ipigwe paneli nzima hadi kwenye kingo zake. Uliza nani anapaka, wao au karakana ya nje, na uende ukaione. Waranti ya kazi hiyo iwe kwa maandishi na iseme miaka mingapi. Gari ulipokee mchana, kavu.

Rangi ya karakana iachwe kama mwezi hivi bila nta wala kinga ya kupaka, kwa sababu bado inatoa kiyeyushio. Fundi atakupa muda wa rangi aliyotumia. Rangi ya kiwandani haina sharti hilo. Imeshaokwa, imekomaa, ungeweza kuipaka nta siku ile ile uliyolichukua. Wanaosema gari jipya lisipakwe nta kwa miezi kadhaa wanarudia ushauri wa rangi nyingine. Na kama muuzaji anakushawishi uweke kinga ya seramiki, mwambie baadaye. Ikiwekwa leo, kila chembe itakuwa chini yake, na itabidi isagwe ili kufika kwenye kasoro.

Yawezekana watakupa kitu badala ya kazi: sevisi mbili za bure, punguzo, au fedha, ili uache chembe na mchirizi vilivyo. Kwa boneti ningechukua. Ila soma karatasi watakayokupa. Ikiandikwa kwamba unaridhika na hali ya rangi ya gari, usiweke sahihi. Iandikwe kwamba makubaliano yanahusu chembe za boneti na mchirizi wa mlango wa nyuma peke yake, na kwamba kitundu cha mlango wa buti kinabaki chini ya waranti.